Gharama ya Sifa

Wahenga walinena kuwa hakuna masika yasiyo mbu. Neno hili, lililosemwa juu ya majira ya mvua, lafaa kusemwa pia juu ya sifa za viumbe, maana sifa impambayo kiumbe aghalabu ndiyo imponzayo. Mfano wake waonekana kwa mbwa wa Uingereza aitwaye bigeli. Jina la mbwa huyu ndilo lililopewa merikebu Beagle, iliyomchukua Charles Darwin kuizunguka dunia kuanzia mwaka 1831 hadi 1836.

Bigeli si mbwa wa kutisha. Kimo chake mabegani ni kiasi cha sentimita 33 hadi 40; manyoya yake ni mafupi, masikio yake ni mapana yaliyolegea, na ncha ya mkia wake ni nyeupe. Waingereza walimlea kizazi baada ya kizazi ili afuate harufu ya sungura wa porini pamoja na kundi la wenziwe, huku wawindaji wakiwafuata kwa miguu. Kazi hiyo ilidai vitu vitatu: pua isiyochoka, tumbo lisilochagua, na moyo wa kukaa na wengine bila ugomvi. Mwaka 2005 sheria ilikataza uwindaji huo katika Uingereza na Wales. Lakini sheria haikuweza kuikataza pua.

Kwa sababu hiyo, amfugaye nyumbani hufuga mwindaji asiye na windo. Akiinusa njia ya mnyama, bigeli huinamisha kichwa akaenda zake; haisikii sauti imwitayo, wala haioni motokaa ijayo. Ndiyo maana mwenyewe hamfungui kamba mahali pasipo na ua. Akiachwa peke yake, huinua sauti ndefu ya kuliita kundi lisilokuwapo, na majirani hukosa raha.

Hata upole wake una gharama. Kwa kuwa hustahimili kushikwa wala hana hasira, bigeli ni mbwa atumiwaye sana katika maabara. Mwaka 2022, katika jimbo la Virginia, Marekani, bigeli wapatao 4,000 waliondolewa mahali pamoja walipokuwa wakizalishwa kwa kazi hiyo, wakatafutiwa watu wa kuwalea majumbani.

Lakini mtihani mkubwa wa mfugaji ni tumbo. Mchovya asali hachovyi mara moja, na bigeli huchovya hata asichojua. Hufunua pipa la taka, huiba mkate mezani, na kisha hutazama kwa macho ya mwenye njaa ya siku saba. Chokoleti, zabibu na vitunguu, vyakula vya watu, kwake ni sumu. Hatari nyingine haina kelele: mtoto humpa kipande, mgeni humpa kipande, na bibi wa nyumba, asiyejua kuwa wawili wamekwisha kumpa, humpa cha tatu. Kila mmoja ametenda wema, na jumla ya wema huo ni unene. Unene huo huvilemea viungo na uti wa mgongo. Gegedu iliyo kati ya pingili yaweza kuchomoza, na mbwa aliyekimbia jana akashindwa kusimama leo. Mfugaji mwangalifu hupima chakula kwa kikombe, na hupapasa mbavu kwa vidole. Mbavu zisiposikika, kikombe hupunguzwa. Mbwa akizidi kunenepa na kuzubaa japo chakula ni kidogo, daktari wa wanyama hupima damu, maana yamkini tezi ya shingoni imedhoofika.

Masikio yaleyale yanayopendeza hufungia joto na unyevu, yakaota uchafu na maradhi. Hayana budi kuchunguzwa kila juma. Kifafa nacho huipata mbari hii zaidi ya mbari nyingine nyingi. Usiku mbwa huanguka, miguu ikapiga hewa, na mtu ampendaye hana la kufanya ila kuondoa viti vilivyo karibu, kuuepusha mkono wake na kinywa kile, na kuitazama saa. Dakika mbili zikipita hushukuru. Zikizidi tano hukimbilia kwa daktari. Dawa ikiandikwa, hutolewa kila siku kwa saa ileile, na mara nyingi kwa maisha yote ya mnyama.

Maisha hayo kwa kawaida ni miaka 12 hadi 15. Ni mafupi kwa mtu, na mkono umlishao una uwezo wa kuyapunguza zaidi. Kumpa bigeli ni rahisi, maana shukrani yake huonekana papo hapo mkiani. Kumnyima ni kazi, kwa kuwa hajui sababu, wala hatashukuru. Walakini katika kunyima huko asikokuelewa ndimo umo upendo ulio mzito kuliko wote apewao: upendo ukubalio kudhaniwa ubahili, ilimradi mpendwa aishi.