Injinia Ameshindwa na Mfereji

Wasee, wacha niwape stori ya mfereji mmoja wa bafuni ulioniaibisha siku tatu mfululizo.

Mimi ndiye yule aliyesomea uhandisi Nairobi mwaka mmoja na nusu, akaacha. Nyumbani Takaba hakuna aliyenipigia kelele. Wananiita tu "injinia". Mama analisema kwa upole, abti analisema akicheka, babangu halisemi kabisa. Hiyo ya babangu ndiyo inauma.

Sasa, bafuni kwetu kuna sinki la zamani na mfereji wake ulikuwa unavuja usiku kucha. Raba ilishabadilishwa mpaka tukachoka. Mfereji wenyewe ulikuwa umekwisha. Niliweka chupa ya lita moja chini yake, ikajaa kwa saa mbili. Piga hesabu: lita 12 kwa siku, 360 kwa mwezi. Hiyo ni mitungi 18 ya lita 20.

Kama kwenu maji yanakuja yenyewe, utasema ni matone tu. Takaba haina mto. Tunategemea silanga zinazojazwa na mvua, na silanga ikikauka tunangoja boza. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, na hapa hakuna aliyesahau. Babangu hutawadha kwa birika moja dogo. Usiku mmoja tu, ule mfereji ulimwaga maji ya kumtosha swala zote tano.

Nikasema nitautoa mwenyewe, na nitarekodi.

Kwenye video nilizotazama, jamaa anafunga valvu chini ya sinki, anafungua nati, anatabasamu. Dakika nane, kwisha. Kwetu chini ya sinki hakuna valvu. Maji yanashuka moja kwa moja kutoka pipa la lita 210 lililo juu. Kwa hivyo kazi ya kwanza haikuwa spana, ilikuwa kuzunguka kwa majirani nikiazima mitungi ili tulimalize pipa bila kumwaga chochote.

Siku ya kwanza nati haikusonga. Ilikuwa imeshikwa na kutu, pamoja na ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika la chai la zamani. Hapo nikakumbuka kemia ya sekondari: asidi huyeyusha ukoko huo. Nikalowesha kitambaa kwa siki, nikaizungushia nati, nikaiacha usiku kucha.

Siku ya pili nikavuta spana mpaka ngozi ya vidole ikatoka. Nati, zii. Kisha sinki likalia "krrr" na moyo wangu ukasimama. Likipasuka, manze, nitamwambia babangu nini?

Abti akapita, akasimama mlangoni akinitazama. Huyu hajakaa darasani hata siku moja.

"Warya, unafungua au unafunga?"

Nikaona ananichokoza. Kumbe alikuwa ameona. Mimi nilikuwa nimesimama, nimeinama juu ya sinki, mkono uko chini, nazungusha kushoto. Lakini nati inaingia kutoka chini. Kushoto kwa anayetazama kutoka juu ni kulia kwa aliyelala chini. Siku mbili nzima nilikuwa nakaza.

Siku ya tatu nikalala chali. Siki tena, kisha kitambaa cha maji moto kwenye nati peke yake, kisigusane na sinki, kwa sababu kauri ikishtuliwa na joto hupasuka. Robo mzunguko mbele, nyuma kidogo, mbele tena. Saa tano asubuhi ikaachia. Sikutabasamu. Nilikuwa na kutu machoni.

Nilipohariri video nilitaka kuzikata zile siku mbili za aibu. Nimeziacha, na sababu ni hii: sisi tulioacha chuo tunapenda kuja hapa kuwauzia maneno, eti shule ni bure, mtaa ndio chuo. Nami nimewahi kuyasema. Lakini kuacha chuo hakukunifundisha kitu. Siki niliitoa darasani, kushoto na kulia nikaelekezwa na mzee asiyejua kuandika jina lake. Kama umeacha, sawa, ni maisha yako. Ila bado utakuwa mwanafunzi wa mtu. Usipokubali hilo, utakaza nati kwa nguvu zako zote ukidhani unafungua.

Alfajiri ya siku iliyofuata nilimsikia babangu bafuni. Akafungua mfereji mpya, akaufunga. Akasimama kimya kidogo, anasikiliza. Hakuna tone.

Akapita mlangoni kwangu.

"Ule wa nje pia unavuja," akasema.

Siki imebaki nusu chupa. Naanza leo.