Faini ya Gari Usilokuwa Nalo

Hapa Brussels wapo Warundi wanaopanda tramu mwaka mzima, na bado barua pepe inawafikia: umeegesha gari vibaya, lipa leo, ukichelewa deni litapanda. Ajabu ni kwamba hata asiye na gari hushtuka. Anajiuliza kama kuna aliyetumia jina lake, au kama jambo hili litamharibia karatasi za ukaazi. Tapeli hajui lolote kuhusu gari. Ametuma ujumbe uleule kwa watu chungu nzima, akingoja wachache wenye hofu.

Kule Gitega, Burundi, faini ina sura ya mtu: polisi anakusimamisha, mnasemezana, kosa unaonyeshwa. Huku anayekutoza humwoni, na mgeni hujifunza mapema kwamba barua ya serikali haipuuzwi. Mwizi anajificha humo humo.

Tusijidanganye, nyumbani nako wezi wamo. Mwizi anayempigia shangazi yangu kule Muyinga haigizi serikali, anaigiza mtu mwenye shida: "Mama, nimekutumia pesa ya Lumicash kwa makosa, nirudishie, mtoto yuko hospitali." Au anajifanya mwana aliye Ulaya, eti amebadilisha namba. Huku tunaibiwa kwa woga, kule kwa huruma, na pande zote mbili kwa haraka.

Nikipima, kila upande una nafuu yake. Pesa ya simu, kama hiyo ya Lumicash, ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu, ilhali huku kadi ya benki inafungwa kwa simu moja. Lakini shangazi hapokei simu akiwa peke yake. Jirani yupo, wajukuu wapo, na mmoja atauliza, "Huyo ni nani?" Sisi tunafungua barua pepe usiku, chumbani, bila wa kumuuliza.

Basi tuulizane. Faini ya kweli hutaja namba ya gari, mtaa, siku na saa. "Mpendwa mteja" peke yake haitoshi. Usibonyeze kiungo kilichomo. Faini za polisi za Ubelgiji zina tovuti yake, amendesroutieres.be, na za maegesho jijini hushughulikiwa na parking.brussels au komini. Andika anwani mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa sababu matapeli hulichukua jina la kweli na kulibandika kistari na maneno ya ziada. Aliye Ufaransa aende amendes.gouv.fr. Huku Ubelgiji, ujumbe wenyewe utume kwa suspicious@safeonweb.be, kisha uufute. Ukiwa umeshatoa namba za kadi, piga Card Stop wafunge kadi, 078 170 170, kabla ya kumpigia mtu mwingine yeyote, halafu uende benki na polisi.

Na kila familia iliyogawanyika kati ya huku na kule iweke sharti moja: huku hatulipi faini usiku ule ule ilipoingia, kule hamrudishi pesa kabla ya kuangalia salio wenyewe na kutupigia kwa namba ya zamani. Mwenye deni la haki atangoja hadi asubuhi. Asiyeweza kungoja, usimlipe.