Ziwa Babati kwa Vipande 15

Kilichonifikisha Babati mara ya kwanza ni picha. Dada yangu anafundisha darasa la tano pale mjini, na alitaka picha ya Ziwa Babati ya kubandika ukutani, kubwa kuliko karatasi yoyote iliyokuwa steshenari. "Mdogo wangu, mambo ya kompyuta unayajua wewe. Njoo," aliniambia kwenye simu.

Basi kutoka Arusha likapita Makuyuni, Minjingu, kisha mashamba ya mpunga ya Magugu, hadi Mlima Kwaraa ulipojitokeza na mji ukiwa chini yake. Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002, na Babati ndiyo makao yake makuu. Niliposhuka stendi sikutafuta hata chai. Nilichukua bajaji moja kwa moja hadi ziwani.

Nilikuwa nimezoea Ziwa Manyara na magadi yake. Hili ni la maji baridi, lina matete, mitumbwi na viboko. Niliona migongo mitatu tu, myeusi, imetulia kama mawe. Nilipiga picha nyingi, nikabaki na moja: upana nukta 4032, kimo 3024.

Jioni tulikaa na kompyuta ya dada. Mtandao ulikuwa wa kusuasua, lakini kazi hii haiuhitaji. Kivinjari chenyewe kina kanvasi, uwanja wa kuchorea ndani ya ukurasa, na mistari michache ya JavaScript inatosha kukiambia: anzia nukta hii, chukua upana huu na kimo hiki, chora, hifadhi, kisha sogea. Picha haitoki kwenye mashine, wala bando haliliwi. Jambo hilo lilinifurahisha kuliko yote, kwa sababu mwalimu yeyote mwenye kompyuta chakavu anaweza kulifanya.

Dada alitaka safu tano za kwenda chini, kwa kuwa darasa lake lina makundi matano, na mistari mitatu. Nikagawa, tukachapa vipande viwili vya majaribio. Havikukutana vizuri, ukingo mmoja ulikuwa na ukungu, na mtumbwi ulikatika vibaya. Nilihangaika hadi nikachukua kalamu: 4032 kwa 5 ni 806.4. Nukta haikatwi. Kivinjari kilipolazimishwa kuanzia katikati ya nukta, kilichanganya rangi za majirani wawili. Nikaondoa nukta mbili pembeni, zikabaki 4030, na kila kipande kikawa 806 kwa 1008 kamili.

Asubuhi kijana wa steshenari alimwamkia dada, "Shikamoo mwalimu," akachapa karatasi 15 za A4, kila kipande kikiwa na upana wa sentimita 19. Mashine yake huacha ukingo mweupe, hivyo tulikata kwa rula na wembe. Picha nzima ingekuwa na upana wa sentimita 95.

Dada hakuibandika mwenyewe. Alichanganya vipande, akagawa vitatu kwa kila kundi, akawaacha watoto watafutane. Matete yalipata wenzake upesi, na mitumbwi pia. Kikabaki kipande kimoja cha maji matupu, kikizungushwa kutoka mkono hadi mkono, hata mimi sikujua juu yake ni wapi. Msichana mmoja alikitazama kwa muda, akakigeuza, akakiweka chini ya kile chenye viboko. "Hapa maji yana tope," alisema. "Baba hapiti na mtumbwi hapa."

Kilikaa sawasawa.