Siku Nilipovua Shati

Binti yangu alizaliwa mimba ikiwa na wiki 31, gramu 1,400. Mama yake alishikwa na kifafa cha mimba, wakampasua usiku uleule. Nilimwona mtoto mara moja tu, kiganja chake kidogo kuliko kidole gumba changu, nikatoka nikakaa kwenye benchi la nje. Siku tatu sikurudi ndani. Nililipia dawa, nikaleta uji, basi. Jina sikumpa. Nakiri pia kwamba nilimpigia kaka yangu simu kijijini nikamwambia wajiandae kuchimba.

Kumbe muda wote huo mama mkwe wangu alikuwa amembeba mjukuu wake kifuani, mchana na usiku. Siku ya nne mgongo ulimkataa. Muuguzi akanifuata kwenye benchi: "Baba, njoo uvue shati. Ni zamu yako."

Kwetu mkwe huheshimiwa kwa mbali, nami nisimame mbele yake kifua wazi? Mama yule hakunilaumu kwa neno hata moja. Aligeukia ukutani, akavua khanga ya mabegani, akampa muuguzi anifungie mtoto.

Wakamweka wima, ngozi kwa ngozi, ana napi, kofia na soksi tu, kichwa kimelala upande, miguu imekunjwa kama ya chura. Kipimajoto kilikuwa kimesoma 35.6. Baada ya saa moja, 36.7. Muuguzi akanieleza kwamba mtoto njiti hana mafuta ya kumtunzia joto, na huweza kusahau kupumua. Kifua cha mzazi humsaidia. Huduma hii ya kangaruu, akasema, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipozidiwa na watoto huku mashine zikiwa chache.

Uzito ulishuka hadi 1,310. Nilitamani tena lile benchi, na kama nawe umekaa hapo leo, ndugu yangu, nakuelewa. Mke wangu alipopata nafuu akaanza kukamua maziwa, yakapita kwenye mpira wa puani tone kwa tone. Tulipokezana, tukilala nusu tumekaa, jasho likitutoka. Siku moja aliongeza gramu 20, siku nyingine hakuna kitu.

Tuliruhusiwa akiwa na 1,850. Nilimpa jina la bibi yake. Khanga niliifua, nikaikunja, nikampelekea mkwe kwa mikono miwili. Aliitazama, akairudisha: "Mfunge, baba. Nje kuna baridi."