Kamati Isivunjwe

Mtu wa kwetu Kikopey, Kenya, akiambiwa ana uvimbe kwenye ubongo, habari hufika Gilgil kabla yeye hajafika nyumbani. Jioni hiyo kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, mweka hazina amechaguliwa na namba ya M-Pesa imetumwa. Huku Scotland ninakoishi, jirani anaweza kumaliza wiki sita za mionzi nisijue. Kwa hilo nyumbani tumewashinda.

Wanatuzidi pale michango inapokwisha na maswali yanapoanza.

Hapa Edinburgh, kwenye kiwanja cha hospitali ya Western General, kuna nyumba iitwayo Maggie's. Ilifunguliwa 1996, mwaka mmoja baada ya kufariki kwa Maggie Keswick Jencks, mgonjwa wa saratani aliyeibuni. Huingii kwa miadi wala hulipi. Wagonjwa na wanaowauguza huketi pamoja kwenye meza ya jikoni, na humo nimesikia yote yakitajwa: kuacha wanga, mafuta ya bangi, majaribio ya dawa mpya.

Hakuna anayechekwa, maana kila mmoja anajua kinachomsukuma mwenzake. Kwa glioblastoma, saratani kali ya ubongo, tangu 2005 kawaida ni upasuaji, kisha mionzi pamoja na dawa ya temozolomide. Katika utafiti ulioleta utaratibu huo, nusu ya waliopata mionzi na dawa waliishi zaidi ya miezi 14.6, waliopata mionzi peke yake, miezi 12.1. Nani angesoma hayo asitafute cha kuongezea? Ila anayetaja kitu huulizwa: daktari wako anajua? Na aliyetangulia humweleza kwamba hata mmea kama St John's wort huweza kupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za kifafa anazopewa mwenye uvimbe wa ubongo.

Kwetu cha kuongezea hakikosekani: mwarobaini, supu ya miti, maombi ya kufunga. Mwaka 2011 Wakenya wengi walivuka mpaka hadi kwa Babu wa Loliondo, mchungaji mstaafu, kunywa dawa yake ya mizizi, kikombe kwa shilingi 500 za Tanzania. Tatizo ni kwamba mambo haya hunong'onwa. Mgonjwa humficha daktari asije akagombezwa, na hamkatai shangazi kikombe chake asije akaitwa asiye na shukrani. Chukua mfano wa deksamethasoni, dawa ya hospitali. Inapunguza maji yanayojaa kuzunguka uvimbe, kichwa kinatulia, hamu ya kula inarudi. Sifa zinaenda kwa mizizi, vidonge vinaachwa ghafla, na hapo ndipo hatari ilipo, kwani dawa hiyo hupunguzwa polepole kwa maelekezo ya daktari.

Nairobi lipo shirika la Faraja, ambalo tangu 2010 linawapa wagonjwa wa saratani ushauri nasaha bila malipo. Lakini kutoka Kikopey ni zaidi ya kilomita 100, na mtu anayeanguka kifafa hasafiri kwa matatu bila wa kumshika.

Basi kamati ya michango isivunjwe fedha zikishapatikana. Ikutane tena katika ukumbi wa kanisa. Imwite aliyewahi kuuguza mtu mwenye uvimbe kama huo, imwite na muuguzi, na kila dawa inayopendekezwa iulizwe maswali matatu: itagongana na anazomeza sasa? Anayeiuza anafaidika vipi? Nani atamwambia daktari? Swali la tatu lipewe mtu na tarehe, kama tunavyofanya na ahadi za fedha.