Mabingwa wa Ngumi: Tuwapime kwa Kipimo Gani?

Kuna maswali ambayo watu hawachoki kuyauliza. Moja ni hili: katika mabingwa wote wa dunia wa mchezo wa ngumi, wale wa uzito wa juu, ni nani aliyewapita wenzake? Wazee wanamtaja Joe Louis na Muhammad Ali. Walio chini yao wanamtaja Mike Tyson. Vijana wa leo wanamtaja Oleksandr Usyk, mtu wa Ukraine. Kila mmoja anapiga meza, wala hakuna anayeshindwa, maana hao waliotajwa hawawezi kupanda ulingoni pamoja. Wengine wamekufa, wengine ni wazee wenye mvi.

Kwetu Kalemie mabishano haya ni ya kila juma. Baada ya mafundisho vijana hubaki barazani, na ngumi ndizo habari zao. Baba yangu mkubwa alikuwa Kinshasa mwaka 1974, akamwona Ali kwa macho yake. Ukimtajia bingwa mwingine anacheka tu. Vijana nao wanamwonyesha Tyson katika simu zao, jinsi alivyowaangusha watu kama migomba. Kisha wananigeukia: «Mwalimu, wewe umesoma seminari, tuamulie!» Basi nataka kujibu kwa utaratibu, maana naona chini ya swali hili kuna jambo kubwa kuliko ngumi zenyewe.

Tuanze na shida ya kulinganisha. Wahenga walisema: kila zama na kitabu chake. Na kitabu cha ngumi kimebadilika mara nyingi.

Kwanza, sheria. Mwaka 1889 John L. Sullivan alipigana na Jake Kilrain katika jimbo la Mississippi, Marekani, kwa mikono mitupu. Raundi ilikwisha mtu alipoanguka. Walifika raundi ya 75, zaidi ya saa mbili katika jua kali. Miaka mitatu baadaye Sullivan huyo huyo alivaa glovu, akapigana kwa raundi za dakika tatu, na James J. Corbett akamshinda katika raundi ya 21. Mwaka 1919 Jack Dempsey alimwangusha Jess Willard mara saba katika raundi ya kwanza. Lakini wakati ule mpigaji aliruhusiwa kusimama karibu na mtu aliyeanguka na kumpiga tena mara anapoinuka. Sheria ikageuka: ukimwangusha mwenzako, nenda kwanza katika pembe ya mbali, ndipo mwamuzi aanze kuhesabu. Mwaka 1927 Dempsey alimwangusha Gene Tunney, akachelewa kwenda pembeni. Tunney akapata sekunde za kupumua, akainuka, akashinda kwa pointi. Je, tumpime Dempsey kwa sheria ya mwaka 1919 au kwa ile ya mwaka 1927?

Tena mapigano ya ubingwa yalikuwa ya raundi 15 kwa miaka mingi. Mwezi wa Novemba 1982 kijana wa Korea, Duk Koo Kim, aliyekuwa wa uzito mwepesi, alikufa baada ya kupigwa katika raundi ya 14. Kifo hicho kiliwatia watu hofu, na katika miaka iliyofuata raundi zikapunguzwa kuwa 12. Mtu wa raundi 12 hawezi kujua angekuwaje katika ile ya 15, pale miguu inapokataa.

Pili, uzito. Rocky Marciano, aliyeacha ngumi mwaka 1956 bila kushindwa hata mara moja katika mapigano 49, alikuwa na kilo 84 au 85. Dempsey vile vile. Leo mtu wa kilo hizo hahesabiwi kuwa wa uzito wa juu. Angewekwa katika daraja la chini yake, ambalo mwisho wake ni kilo 90 na kidogo. Mwaka 2024 Tyson Fury alipanda ulingoni na kilo karibu 119. Kuwapiganisha hawa wawili ni kumpambanisha mbuzi na ng'ombe, kisha kumlaumu mbuzi.

Tatu, hesabu. Wengine wanasema: «Huyu alimshinda yule, na yule alimshinda mwingine, basi huyu ni mkubwa kuliko wote.» Jambo lililotokea katika nchi yetu linawajibu. Joe Frazier alimshinda Ali mwaka 1971. Ken Norton alimshinda Ali mwaka 1973. Kisha George Foreman akamwangusha Frazier mara sita na kummaliza katika raundi ya pili. Norton naye akamalizwa katika raundi ya pili. Kwa hesabu ya shule Foreman alipaswa kumvunja Ali. Alikuwa na umri wa miaka 25, hajashindwa katika mapigano 40. Ali alikuwa na miaka 32. Wakakutana Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, karibu saa kumi za usiku, ili watu wa Marekani waone pigano jioni. Watu uwanjani waliimba «Ali, boma ye!» Ali akaegemea kamba, akajifunika uso kwa mikono, akamwacha Foreman apige mpaka nguvu zikamwisha. Katika raundi ya nane akamwangusha. Hesabu ya shule ikalala chini pamoja na Foreman.

Hata mashine ilijaribiwa. Mwaka 1969 mtu wa redio wa Marekani, Murray Woroner, aliwaita Ali na Marciano wapigane mbele ya kamera, pigano la kuigiza. Marciano alikuwa na umri wa miaka 45. Alipunguza mwili na kuvaa nywele za bandia. Wakaigiza miisho mbalimbali, kisha kompyuta ikaulizwa mshindi ni nani. Ikajibu: Marciano, katika raundi ya 13. Sinema ikaonyeshwa mwezi wa Januari 1970, lakini Marciano hakuiona, maana alikufa katika ajali ya ndege mwezi wa Agosti 1969. Nami nasema: mashine hutapika kile ilicholishwa. Waliilisha mawazo yao wenyewe, ikawarudishia mawazo yao wenyewe.

Basi tukate tamaa? Hapana. Hatuwezi kujua nani angempiga nani. Lakini kuna jambo tunaloweza kujua, maana limeandikwa: bingwa alikubali kupigana na nani, na nani alifungiwa mlango.

Tazameni. Sullivan, shujaa wa mikono mitupu, alikataa kupigana na mtu mweusi. Peter Jackson, mweusi aliyejulikana sana Australia, alipigana na Corbett raundi 61 mwaka 1891 bila mshindi. Mwaka uliofuata Corbett akawa bingwa, wala hakumpa Jackson nafasi ya kugombea taji. Mwaka 1908 Jack Johnson, mweusi wa kwanza, akapata ubingwa kule Sydney kwa kumshinda Tommy Burns. Wazungu wengi wakakasirika. Wakamwomba Jeffries, bingwa wa zamani aliyekwisha kuacha ngumi, arudi kumpiga. Johnson akamshinda Reno mwaka 1910. Lakini Johnson naye, alipokwisha kuketi kitini, hakumpa nafasi Sam Langford, mweusi mwenzake aliyekuwa wa kuogopwa. Johnson aliposhindwa mwaka 1915, mlango ukafungwa kabisa. Dempsey alikuwa bingwa miaka saba. Harry Wills, mtu mweusi, akangoja, hata mikataba ikatiwa saini, lakini pigano halikufanyika kamwe. Kutoka 1915 mpaka 1937, miaka 22, hakuna mweusi hata mmoja aliyepewa nafasi ya kugombea taji la uzito wa juu.

Asiyekuwapo na lake halipo. Tunasoma orodha ya mabingwa wa miaka ile, tunasema: huyu alikuwa wa kwanza duniani. Dunia gani? Langford na Wills walikuwa wa ngapi? Hakuna ajuaye. Wao walinyimwa taji, na sisi tumenyimwa kujua ukweli.

Jambo hili si la Marekani peke yake. Hata kwetu mtoto anasifiwa kuwa wa kwanza darasani, baba anachinja kuku. Lakini katika kijiji kile kile dada zake wako shambani, hawakupelekwa shuleni kwa sababu ya karo. Yeye ni wa kwanza kati ya nani? Simlaumu mtoto, amefanya kazi yake. Ila sifa yake haiwezi kuwa kamili mpaka wote wapate kuketi katika benchi.

Sasa tuwapime mabingwa kwa kipimo hiki. Joe Louis alipata taji mwaka 1937, akalishika mpaka 1949. Alilitetea mara 25, na mpaka leo hakuna wa uzito wa juu aliyeifikia hesabu hiyo. Mweupe, mweusi, mkubwa, mdogo, alipokea wengi. Max Schmeling wa Ujerumani alikuwa amemwangusha mwaka 1936. Louis akamwita tena mwaka 1938, akammaliza kabla raundi ya kwanza haijaisha. Mwaka 1942 alipigana mara mbili akatoa malipo yake kwa ajili ya familia za askari, naye mwenyewe akaingia jeshini. Baada ya vita serikali ikamdai kodi nyingi, akalazimika kurudi ulingoni mzee, na Marciano akamwangusha mwaka 1951. Habari hiyo inasikitisha kila ninapoisoma.

Marciano hakumkimbia mtu. Lakini Louis aliyemkuta alikuwa na miaka 37, na Walcott aliyemnyang'anya taji alikuwa na miaka 38. Mtu hachagui zama za kuzaliwa kwake, lakini 49 yake haitoshi kumweka juu ya wote. Tyson alikuwa bingwa mwaka 1986, na umri wa miaka 20 tu, kijana kuliko wote waliomtangulia. Nguvu zake hakuna anayezikana. Lakini alipokutana na Holyfield mwaka 1996, na Lennox Lewis mwaka 2002, alishindwa. Usyk aliwashinda Joshua, Fury na Dubois, kila mmoja mara mbili, kutoka 2021 mpaka 2025, na wote watatu walikuwa wakubwa kuliko yeye kwa mwili. Vijana, hapo mna haki ya kupiga meza.

Lakini orodha iliyo ndefu ni ya Ali. Sonny Liston, aliyeogopwa na wote, Floyd Patterson, Frazier mara tatu, Norton mara tatu, Foreman. Na miaka yake mizuri ilikatwa: mwaka 1967 alikataa kwenda vitani Vietnam, akanyang'anywa taji, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kupigana. Aliporudi hakutafuta watu laini. Kwa hiyo nikilazimishwa kusema, nasema kama baba mkubwa: Ali, na Louis jirani yake wa karibu. Ila sababu yangu si ile ya baba mkubwa. Yeye anasema Ali angewapiga wote. Hilo mimi sijui. Nasema Ali aliwafungulia mlango watu wenye nguvu kuliko bingwa mwingine yeyote.

Kuna mama mmoja wa parokia yetu aliyeniuliza juu ya mwanawe mwenye miaka 17, anayefanya mazoezi ya ngumi mjini. Kijana anataka kuwa bingwa. Mama hapati usingizi. Nilimwita kijana nikamweleza yote mawili. Nilimwambia kwamba Ali aliendelea mpaka mwaka 1981, na mwaka 1984 waganga wakamwona na ugonjwa wa Parkinson, mikono iliyokuwa myepesi ikatetemeka mpaka kufa kwake mwaka 2016. Kichwa si ngoma. Nikamwambia pia habari za Foreman. Aliposhindwa Kinshasa aliona aibu kubwa. Mwaka 1977 akaacha ngumi, akawa mhubiri, akafungua nyumba ya vijana Houston. Mwaka 1987 akarudi, mnene, watu wakamcheka. Tarehe 5 Novemba 1994, na umri wa miaka 45, akamwangusha Michael Moorer katika raundi ya kumi, akawa bingwa tena. Alivaa ile ile kaputula nyekundu ya Kinshasa. Na pembeni mwake alikuwa Angelo Dundee, yule yule aliyekuwa upande wa Ali usiku ule. Foreman alikufa mwezi wa Machi 2025, bila chuki na aliyemshinda. Walikuwa wamekuwa marafiki.

Kijana akaniuliza: «Basi nimfuate yupi, Mwalimu?» Nikamjibu: Kwanza msikilize mwalimu wako wa mazoezi anapokuambia kuacha. Pili, usichague wapinzani dhaifu ili upate jina. Hayo mawili yanatosha kwa sasa.

Wasomaji, uwanja ule wa Kinshasa leo unaitwa Tata Raphaël, kwa kumkumbuka Padre Raphaël de la Kéthulle, mmisionari wa Scheut aliyewajengea vijana wa mji ule shule na viwanja. Mwaka 1974 hakuwa hai tena. Lakini napenda kufikiri kwamba jina hilo linafaa. Uwanja ni mahali wazi: aingie anayeweza, apimwe mbele ya watu. Pale watu wote wanaporuhusiwa kuingia, ndipo neno bingwa linapopata maana. Mkibishana tena barazani, bishaneni kwa furaha, lakini mwulizeni kila bingwa swali hili moja: uliacha nani nje?