Wazee wa ndege wa Shinyanga

Msomaji wangu, ukisikia Shinyanga unawaza ng'ombe, pamba na almasi. Ukisikia Geita unawaza dhahabu na vijana wenye tochi kichwani. Wiki hii nakuletea kitu kingine kabisa: wazee wa ndege. Wapo, bwana. Wanakaa kwenye kijiwe cha kahawa mjini Shinyanga, na ukipita bila kuwajua utadhani ni wastaafu wa kawaida wanaopiga soga za pensheni. Kumbe mmoja alirusha ndege ndogo porini miaka ishirini na ushee, wa pili alikuwa fundi wa injini, na wa tatu kazi yake ilikuwa kufukuza ng'ombe uwanjani ndege inapotaka kutua.

Usicheke. Huyo wa tatu ndiye aliyekuwa na roho za wenzake mkononi.

Niliwasalimia "Mwangaluka", wakanijibu kwa kicheko maana ilikuwa saa tisa alasiri na hiyo ni salamu ya asubuhi. Nikapewa kiti. Wenzake bado wanamwita yule rubani "Kapteni", mimi nikamwita mzee, naye akaniita mjukuu tangu kikombe cha kwanza. Majina yao siyaandiki. Hawakunikataza, ila nusu ya habari zao ni za wenzao waliokwisha kufa, na wajane wapo.

Uwanja wa porini enzi hizo, anasema Kapteni, ulikuwa ni pori lililofyekwa tu. Unapita mara ya kwanza chini chini kuwatisha ng'ombe. Unapita mara ya pili kuangalia vichuguu na mashimo. Ya tatu ndo unatua, kama yule jamaa wa chini ameshawasha majani mabichi na moshi umekuonyesha upepo unatoka wapi. Mvua zikishanyesha ni habari nyingine. Wenyeji wanaujua udongo wetu mweusi wa mbuga: kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu, masika unageuka gundi. Ndege ikizama magurudumu haitoki leo wala kesho. Rubani analala kwa mwenyekiti wa kijiji, anakula michembe na maziwa, anasubiri jua.

Na njia je? Hakuna kifaa cha setilaiti, hakuna mnara wa kuongea nao. Kulikuwa na reli. Reli ya Tabora kwenda Mwanza, iliyofika Mwanza mwaka 1928, ndiyo ilikuwa ramani ya kila mtu. Ukipotea, tafuta reli. Ukiikosa reli, elekea kaskazini, ziwa huwezi kulikosa. Fundi akadakia kwamba kuna vijana walilikosa hata ziwa, wote wakacheka, halafu wakanyamaza ghafla. Nikaelewa kwamba mmoja wa vijana hao hakurudi.

Tena hewa ya huku inadanganya. Mji wa Shinyanga uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na saa nane mchana jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi, injini inakosa nguvu na mabawa yanakosa cha kushika. Mzigo ulioruka nao alfajiri bila shida, mchana unakupeleka kwenye mibuyu. Ndiyo maana wazee hawa hadi leo wanaamka saa kumi na moja. Mwili umezoea.

Anga la kanda hii lina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani. Tarehe 28 Februari 1931, shirika la Waingereza la Imperial Airways lilipofungua safari ya Afrika kutoka London, mwisho wa safari haukuwa Nairobi wala Dar es Salaam. Ulikuwa Mwanza! Cape Town ilikuja kuunganishwa mwaka uliofuata, Januari 1932. Kwa hiyo kuna mtu alikuwa akichunga mbuzi kando ya ziwa akaona barua za London zinashuka kutoka mawinguni, wakati huo huo kufika Geita kwa gari ilikuwa kisanga.

Kisha ikaja Mwadui. Daktari John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aliipata almasi hapo mwaka 1940, akajenga mji wake porini: hospitali, shule, umeme, na uwanja wake wa ndege. Mwaka 1947 likatoka jiwe la waridi la karati 54.5, ambalo alimzawadia Princess Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake. Williamson alifariki Januari 1958 kwa kansa ya koo. Jina lake liko kwenye vitabu, na mgodi bado unaitwa kwa jina lake. Ila muulize mtu yeyote Maganzo ni nani alikuwa akirusha ndege zilizobeba mzigo ule, utaona anavyokutolea macho.

Hilo ndilo linalowauma wazee wa kijiwe. Jiwe lina jina, tajiri ana jina, rubani hana.

Kazi ambayo Kapteni anaisimulia kwa hamu kuliko zote ni ya kwelea kwelea. Wakulima wa mtama na mpunga mnawajua hao ndege. Kimoja ni kadogo hata kiganja hakijai, kwa siku kinakula kama gramu kumi za nafaka. Sasa wakija milioni moja, hizo ni tani kumi kwa siku moja! Njaa inaingia kijijini ndani ya wiki. Mchana huwapati, wametawanyika. Unawapata jioni wanaporudi kulala pamoja kwenye miiba au matete, na hapo ndipo ndege ya kupulizia sumu inapokuja, giza linapoanza kuingia, chini kabisa. Fikiria mwenyewe: jua machoni, miti mbele, wingu la ndege hai linainuka mbele ya kioo, na una dakika chache kabla hujaacha kuona kabisa. Mmoja akiingia kwenye injini, kwisha kazi. Halafu ukimaliza, utue gizani kwenye uwanja unaomulikwa na taa za Land Rover.

Nilimuuliza kama alikuwa anaogopa. Akaniambia anayeogopa ni wa chini, kwa sababu yeye anahesabu ndege zilizoondoka na kungoja zitimie.

Kesho yake nilipanda basi kupitia Kahama na Kakola hadi Geita. Vumbi sikuambii. Njiani unapita jirani na Bulyanhulu, ambako wachimbaji wadogo walikuwa wanachimba zamani kabla ya mgodi mkubwa kufunguliwa mwaka 2001. Watu wengi huko watakwambia dhahabu huonyeshwa na mganga au ndoto. Sawa, mimi sibishi na mganga wa mtu. Lakini kati ya mwaka 1977 na 1980 ndege zilipita juu ya nchi nzima, mstari kwa mstari kama anayelima kwa jembe la ng'ombe, zikipima sumaku ya miamba. Vilima vya Geita vina miamba ya tabaka za chuma, na dhahabu ya hapa imekaa kwenye miamba hiyo. Ramani zilizotokana na safari zile ni miongoni mwa karatasi ambazo wageni walikuja wamezikunja kwapani. Marubani walifanya kazi ya kuchosha, wakaondoka.

Helikopta watu wa huku walizizoea kwa siasa. Mwaka 2005 Freeman Mbowe wa CHADEMA alipozunguka kufanya kampeni kwa chopa, watu walitembea maili nyingi kuja kuliona lile dude likishuka, sera baadaye. Mimi nilikuwa begani kwa mjomba. Kapteni haipendi sana chopa, ingawa anakiri kwamba injini ikizima haianguki kama jiwe: hewa inayopanda huendelea kuyazungusha mapanga ya juu, na rubani anapewa nafasi moja tu ya kutua salama. Moja.

Nilivyorudi Shinyanga ndipo walipomtaja Roger Gower. Huyu namtaja kwa kuwa dunia nzima ilimsikia. Alikuwa Mwingereza, rubani wa helikopta ya shirika la kulinda wanyama. Tarehe 29 Januari 2016 alikuwa juu ya pori la akiba la Maswa, ambalo wazee hawa wanaliita bado la Shinyanga ingawa tangu 2012 liko mkoa mpya wa Simiyu. Waliona mzoga wa tembo. Majangili waliokuwa chini wakafyatua bunduki ya kivita, risasi zikampata akiwa usukani. Akaishusha chopa hata hivyo. Mwenzake akanusurika, yeye akafa. Alikuwa na miaka 37.

Kijiwe kizima kilikaa kimya. Fundi akasema aliishusha, hilo ndilo la kujua, aliishusha. Hawakuwahi kumwona hata siku moja, lakini walimzungumzia kama mtu waliyekula naye.

Kapteni akanichukua hadi kwake kunionyesha kitabu chake cha safari. Kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, maana panya walishaanza kingo. Kila safari imeandikwa: tarehe, uwanja, saa, mzigo. Viwanja vingine sasa ni mashamba ya pamba, vingine shule. Pembeni ya kurasa kuna majina kwa kalamu nyekundu, siku aliyosikia kwamba fulani ameanguka. Wanawe wako Dar, wamemwambia akitupe, kinajaza nafasi.

Aliniuliza kama kuna ofisi inayopokea vitu kama hivi. Nikamwambia nitauliza. Basi nauliza: msomaji uliye kwenye makumbusho, chuo au nyaraka za taifa, mwandikie mhariri wa gazeti hili. Mzee ana miaka 78 na panya hawalali.